Kisa cha vyura wa Kihansi: nini hasa kiliwamaliza?

Juni 2003, waliokwenda kuhesabu vyura katika korongo la mto Kihansi, kwenye miteremko ya kusini ya milima ya Udzungwa, walitoka na makadirio ya kutia moyo: vyura karibu 20,000. Kufikia Januari 2004, waliokwenda kuwatafuta pale pale waliambulia wachache wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Tanzania kisa hiki husimuliwa kwa kifupi sana. Bwawa la umeme likajengwa, maji yakakatwa, vyura wakafa, waliobaki wakapandishwa ndege kwenda Marekani. Watu hucheka kidogo hapo kwenye ndege, kisha mazungumzo yanahamia kwingine. Kila kipande cha simulizi hiyo kina ukweli wake. Shida iko kwenye tarehe. Maji yalipunguzwa mwaka 2000, na vyura 20,000 walikadiriwa mwaka 2003. Kama ukosefu wa maji peke yake ndio uliowaua, ile hesabu ya Juni isingepatikana kabisa.

Kwa hiyo turudi mwanzo, tukianza na mnyama mwenyewe.

Chura asiyetaga

Kitaalamu anaitwa Nectophrynoides asperginis. Ni wa njano iliyokolea, karibu na rangi ya haradali. Jike aliyekomaa hafikii sentimita 3, na dume hafikii hata sentimita 2. Masikio ya nje hana. Ngozi ya tumbo lake ni nyembamba kiasi kwamba jike akiwa na mimba, watoto wanaonekana kwa ndani.

Naam, mimba. Shuleni sote tulikaririshwa kwamba chura hutaga mayai majini, mayai huanguliwa viluwiluwi, viluwiluwi huota miguu na kupoteza mkia. Chura wa Kihansi hapiti huko. Mayai hurutubishwa ndani ya mwili wa jike, hukulia humo humo kwa akiba ya kiini chake, na kinachotoka ni chura kamili mwenye miguu minne. Uzao mmoja unaweza kuwa na watoto watano au kumi na zaidi, kila mmoja ana urefu wa milimita 5 hivi, mfupi kuliko punje ya mchele. Huzaliwa wakiwa na weusi wa kizambarau. Njano huja baadaye.

Spishi za vyura zinazojulikana duniani ni zaidi ya 7,000, na zinazozaa namna hii hazifikii asilimia 1. Jenasi ya Nectophrynoides, yaani kundi la spishi za karibu alimo chura huyu, haipatikani kokote duniani isipokuwa Tanzania. Sifa yao ya kuzaa ilijulikana tangu enzi za Wajerumani: mwaka 1905 Gustav Tornier, mtaalamu wa wanyama wa Berlin, aliandika kuhusu vyura wa huku wanaojifungua watoto wakiwa hai, na wenzake wa Ulaya waliduwaa. Kwa hiyo ugunduzi wa Kihansi haukuwa na ajabu upande wa uzazi. Ajabu ilikuwa kwenye anuani.

Mto Kihansi unatoka kwenye uwanda wa juu na kushuka zaidi ya mita 800 ndani ya kilomita chache, kuelekea bonde la Kilombero. Njiani unaanguka kwa maporomoko mfululizo. Maji yanapogonga miamba hutoa mvuke wa matone madogo, upepo wa maporomoko yenyewe unayasukuma hadi kandoni, na pale yanapotua kila kitu kimelowa usiku na mchana, masika na kiangazi. Miti mikubwa haistahimili hali hiyo. Humea majani na mimea mifupi ya jamii ya kangaga, imejishona kama zulia juu ya mawe. Humo ndimo alimoishi chura huyu. Kwenye msitu ulio pembeni hayumo, na kwenye korongo la mto wa jirani hayumo pia. Vipande vyote vya makazi yake vikijumlishwa ni hekta 2 hivi, yaani ekari 5.

Ekari 5 kwa spishi nzima ya mnyama mwenye uti wa mgongo! Sijui kama kuna Mtanzania anayeweza kusikia hivyo bila kukumbuka shamba fulani analolijua.

Swali ambalo tathmini haikuuliza

Miaka ya 1990 nchi ilikuwa ikiishi kwa mgao wa umeme kila mvua zilipokuwa haba. Kihansi ilionekana kama jibu. Mahali maji yanapoanguka kutoka juu sana hakuna haja ya maji mengi kupata umeme mwingi, na kwa hiyo hakuna haja ya ziwa kubwa. Ukuta wa bwawa ulikuwa na urefu wa mita 25 hivi tu, lakini mitambo yake ina uwezo wa megawati 180. TANESCO walikuwa na mradi, Benki ya Dunia na wafadhili wa Norway, Sweden na Ujerumani walikuwa na fedha. Kwa vigezo vya mabwawa ya Afrika, ambayo mengine yamezamisha mabonde mazima, huu ulikuwa mradi safi.

Na hapo ndipo, kwa maoni yangu, kosa lilipojificha. Tathmini za mabwawa zimezoea kuuliza nini kitazama. Kihansi hakukuwa na kikubwa cha kuzama. Muundo wake ni kuchukua maji juu ya maporomoko, kuyapitisha kwenye handaki ndani ya mlima, kuyashusha kwenye mitambo, kisha kuyarudisha mtoni kule chini. Kipande kilicho katikati, yaani korongo lenyewe, kinabaki na mto uliopungua. Swali lililofaa lilikuwa nini kitakauka, na tathmini ya awali haikuingia kwa kina ndani ya korongo. Tuwe wakweli pia: kulikuwa hakuingiliki kirahisi. Miamba ni mikali, inateleza, na hakukuwa na njia.

Njia zilikuja na ujenzi. Mwaka 1996, kazi ikiwa imeshaanza, watafiti waliokuwa wakifuatilia mazingira ya mradi waliingia korongoni na kukuta vyura wadogo wa njano kwa maelfu. Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na John Poynton, Barry Clarke na Jon Lovett, walimwelezea rasmi kama spishi mpya mwaka 1999. Hakuwa peke yake humo. Miaka michache baadaye korongo hilo hilo lilitoa spishi ya kahawa pori isiyojulikana, ikapewa jina la Coffea kihansiensis mwaka 2004.

Hili huachwa mara nyingi na wanaokilaani kisa hiki: bila mradi, hakuna ambaye angemjua chura huyu wakati ule. Barabara iliyobeba saruji ndiyo iliyobeba watafiti. Haifuti lawama, ila inabadilisha swali. Mradi ulipojua kwamba kuna kiumbe wa aina hii, simenti ilikuwa imeshamwagwa na mikopo imeshasainiwa. Kusimamisha kila kitu kungemaanisha kuiambia nchi iliyo gizani kwamba megawati 180 zinasubiri uamuzi kuhusu ekari 5. Sioni serikali yoyote, ya hapa au ya kwingine, ambayo ingefanya hivyo.

Mvua ya mabomba

Mitambo ilipoanza kazi kikamilifu mwaka 2000, karibu asilimia 90 ya maji ya mto iliondolewa kwenye maporomoko. Mvuke ulikatika karibu mara moja. Zulia la mimea likaanza kukauka, magugu ya maeneo makavu yakaingia, vyura wakajisogeza kwenye vipande vilivyobaki na unyevu. Siafu, ambao zamani hawakuweza kupita kwenye majani yaliyojaa maji, sasa walikuwa na njia.

Mambo mawili yalifanyika kwa haraka ambayo ni nadra kuiona katika shughuli za namna hii. La kwanza lilikuwa la ndege. Mwishoni mwa mwaka 2000, kwa makubaliano na Serikali ya Tanzania, vyura 499 walikusanywa na kupelekwa Bronx Zoo jijini New York, chini ya shirika la Wildlife Conservation Society, na baadaye wakagawanywa kwenye bustani nyingine za wanyama Marekani. La pili lilikuwa la mabomba. Mfumo wa vinyunyizi ulitandazwa korongoni, maji yakitoka juu na kushuka kwa mteremko bila pampu, yakifyatuka kwenye pua nyembamba kuiga ule mvuke.

Mfumo wa mabomba ulifanya kazi, na mtu akisahau hilo hawezi kuelewa kilichofuata. Haukufunika makazi yote, wala haukuleta ule upepo wa maporomoko, lakini mimea ilirudi palipolowa na vyura wakazaliana. Hesabu zilipanda mwaka baada ya mwaka hadi ile ya Juni 2003. Ukimsoma mtu aliyeandika kuhusu Kihansi katikati ya mwaka 2003, unamkuta anasimulia ushindi.

Kisha ndani ya miezi michache wakaisha.

Washukiwa watatu

Wa kwanza ni mabomba yenyewe. Vinyunyizi viliwahi kusumbua katika kipindi hicho, na makazi yaliyotegemea mvua ya kutengenezwa hayana akiba: maji yakisimama kwa siku chache kwenye kiangazi, kila kitu kinakauka. Ni mshukiwa mzito, lakini kuna pengo. Vyura hawa walikuwa wameshavuka ukavu mbaya zaidi mwaka 2000 kabla vinyunyizi havijawekwa. Walipungua sana, ila hawakuisha.

Wa pili ni tope. Katikati ya mwaka 2003 mlango wa chini wa bwawa ulifunguliwa ili kusafisha mashapo, na tope la chini ya ziwa likateremka korongoni. Juu ya bwawa kuna mashamba, na mashambani kuna dawa za wadudu. Waliopima tope hilo walitilia shaka endosulfani, sumu ambayo mataifa mengi yameipiga marufuku. Tarehe zinamfunga mshukiwa huyu vizuri kuliko yule wa kwanza. Lakini sumu ya kutosha kufuta vyura 20,000 ingetazamiwa kuacha alama kubwa kwa viumbe wengine wa mto pia, na vyura wa spishi nyingine waliendelea kuwepo korongoni.

Wa tatu haonekani kwa macho. Ni kuvu iitwayo kitaalamu Batrachochytrium dendrobatidis, na wataalamu wengi huiita kitridi. Hushambulia ngozi. Kwa binadamu ugonjwa wa ngozi ni kero, lakini chura hunywa maji kwa ngozi, hupumua kwa ngozi kwa sehemu, na husawazisha chumvi za mwili kupitia ngozi hiyo hiyo. Kuvu ikiiharibu, chumvi za damu huvurugika na moyo husimama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulihesabu spishi 501 za amfibia, yaani vyura na jamaa zao, zilizopungua duniani kwa sababu yake, 90 kati ya hizo zikidhaniwa kutoweka kabisa. Hakuna ugonjwa mwingine unaojulikana ulioangamiza spishi nyingi hivyo za wanyama wenye uti wa mgongo. Ni bahati mbaya ya kipekee kwamba kuvu hiyo ilipewa jina lake la kisayansi mwaka 1999, mwaka ule ule wa chura wa Kihansi.

Kwenye mizoga ya mwaka 2003, kitridi ilikutwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020, ukilinganisha vyura waliohifadhiwa kabla ya janga na waliokufa wakati wa janga, uliuweka ugonjwa huu mbele kama muuaji wa moja kwa moja. Unaendana pia na kasi ya tukio. Kitridi ikiingia kwenye kundi lisilowahi kukutana nayo, huwa haihitaji miaka.

Kwa hiyo bwawa halina hatia? Sivyo. Hapa natoa hukumu yangu mwenyewe. Vyura waliokuwa wametapakaa kwenye mvuke wa maporomoko yote walibanwa chini ya vinyunyizi, wakigusana, na kuvu hiyo hupita chura hadi chura na kupitia maji. Korongo lililokuwa halifikiki likawa na mafundi, wapimaji, watafiti na wageni wakipanda na kushuka mwaka mzima, na matope yanayoganda kwenye buti yanaweza kubeba vijidudu vya kitridi kutoka mto mmoja hadi mwingine. Hakuna aliyethibitisha buti za nani, na sidhani kama itathibitishwa. Lakini ukiondoa bwawa kwenye kisa hiki, unaondoa msongamano na unaondoa pilikapilika. Kuvu ndiyo iliyoua. Bwawa liliwapanga vyura mahali pa kuuawa. Na mabomba, yaliyowaokoa miaka miwili mfululizo, yalitibu kile tu kilichoonekana kwa macho, yaani maji.

Ukimbizini

Wakati korongo linanyamaza, huko Marekani nako hali ilikuwa mbaya, na hili halisimuliwi sana kwa sababu linaharibu utamu wa hadithi ya uokoaji. Hakuna aliyewahi kufuga chura huyu. Wale 499 walipata minyoo ya mapafu, walikosa virutubisho, walikufa kwa sababu ambazo watunzaji walizielewa baada ya kuchelewa. Kufikia Desemba 2004, bustani zote zikijumlishwa, walibaki vyura wasiofika 70. Korongoni wachache, Marekani wasiofika 70: spishi nzima ingeweza kukaa ndani ya ndoo moja.

Kilichowarudisha ni kazi ya subira isiyo na picha nzuri. Taa za miale ya urujuanimno ili mifupa ijengeke, maji yaliyochujwa, mashine za ukungu, wadudu wadogo mno wa kuwalisha, kwa kuwa mdomo wa mtoto wa milimita 5 hauwezi kummeza hata nzi wa kawaida. Bustani mbili, Bronx na Toledo huko Ohio, ndizo zilizopata fomula. Vyura wakazaliana hadi wakafika maelfu.

Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, lilitangaza rasmi kwamba spishi hii imetoweka porini. Mwaka uliofuata, Agosti 2010, vyura 100 walirudi Dar es Salaam kwa ndege na kuwekwa kwenye maabara maalumu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kituo kingine kikawekwa Kihansi kwenyewe. Watafiti wa hapa hawakuwaachia mara moja. Walianza kwa majaribio madogo, wakiwaweka vyura pamoja na mimea na udongo wa korongo waone kama ugonjwa utazuka. Haukuzuka. Desemba 2012, vyura zaidi ya 2,000 walirudishwa korongoni. Ilielezwa wakati huo kuwa ni mara ya kwanza duniani kwa amfibia aliyetangazwa kutoweka porini kurudishwa alikotoka.

Wanaishi, lakini kwa masharti

Baada ya hapo kumekuwa na awamu nyingine za kuwaachia, na vyura wameonekana wakiishi na kuzaliana korongoni. Ni habari njema. Ila kipimo cha kurudi porini ni kikali kuliko idadi ya waliofunguliwa kwenye masanduku. Kinachotakiwa ni vizazi vilivyozaliwa palepale, vinavyojazia pengo la wanaokufa bila mtu kuleta nyongeza kutoka maabara. Kuhesabu mnyama wa sentimita 2 kwenye majani yaliyolowa, juu ya mwamba unaoteleza, si kazi ya asubuhi moja, na hesabu ya mwaka mmoja mzuri haisemi kitu. Juni 2003 nayo ilikuwa hesabu nzuri.

Kuvu kwa upande wake haina dawa ya kutibu korongo zima. Chura mmoja unaweza kumwogesha dawa maabara akapona, lakini msitu hauogeshwi. Kinachowezekana ni kuzuia: kuua vijidudu kwenye viatu na vifaa kabla ya kuingia, kupunguza wanaoingia, na kuendelea kuwafuga wengine Dar es Salaam, Kihansi, Bronx na Toledo, ili janga likirudi lisiwakute wote mahali pamoja.

Yaliyobaki ni mambo ya mabomba na fedha. Vinyunyizi vinaziba. Pua zake husafishwa na mikono ya watu wanaoshuka korongoni, na bomba likipasuka kiangazi halisubiri bajeti ya mwaka ujao. Kiasi cha maji kinachoachwa kipite kwenye maporomoko badala ya kwenda kwenye mitambo ni sharti la matumizi ya mto, na kila lita inayopita korongoni ni umeme ambao haukuzalishwa. Mwaka wa ukame mvutano huo hauepukiki. Wizara, TANESCO na wahifadhi wanakutana hapo hapo, kwenye kipimo cha maji, kila mara mto unaposhuka. Fedha za wafadhili zilizojenga mfumo huu zilikuwa za mradi, na mradi huwa na tarehe ya mwisho; chura anayelowa kwa bomba hana. Gharama ya kumlowesha ingefaa kuingizwa moja kwa moja kwenye hesabu za uendeshaji wa kituo cha umeme, pamoja na grisi ya mitambo na mishahara ya walinzi.